Majani Aliyotandikiwa Bwana Mifugo

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili, 11 Desemba 1949

Kaka yangu mpendwa Ansbert,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba migomba na mibuni ya Bukoba imekwisha kunywa mvua yake. Huku kwetu mvua tunaisikia tu kwa watu wanaoshuka kwenye treni. Mimi, Apolonia na watoto hatujambo. Mama naye hajambo kabisa, miguu haivimbi tena, na joto la Pwani ambalo ulidhani litamshinda limeshindwa lenyewe. Anakusalimu na kukuuliza kama umeezeka upya banda la nyuma au bado unaahidi.

Barua yako niliipata salama, ingawa bahasha ilikuwa imefunguka kidogo pembeni. Sijui kama ni gundi mbaya au ni mtu. Uliniuliza habari za Mama, nimekwisha kukujibu. Uliniuliza pia habari za Bihogo, ng'ombe wako uliyenitumia fedha nikununulie ili Mama akija asikose maziwa. Kaka, naomba univumilie. Habari ya Bihogo nitaifikia, lakini nikianza nayo utaichana barua kabla hujaelewa chochote. Kwa sasa jua tu kwamba yu hai.

Mwaka huu majani yametushinda. Mvua za masika zilinyesha kama mtu anayetema mate, na za vuli mpaka leo hatujaziona. Ng'ombe wa watu wengi wa huku walikuwa wanapelekwa malishoni upande wa njia ya Kimara, na wangu wawili pamoja na Bihogo walikwenda huko pia. Mwezi wa Septemba moto ukapita ukala mbuga yote. Wengine walisema ni warina asali, wengine wachoma mkaa. Mimi nilikwenda kupaangalia mwenyewe siku ya Jumapili nikaona moto umeanzia sehemu mbili, nikaja nikamwambia Apolonia kwamba moto wa bahati mbaya hauanzii sehemu mbili. Apolonia akanicheka. Unamjua shemeji yako, husema kwamba malaika akiniletea chakula mlangoni nitamwuliza kwanza ametumwa na nani.

Basi mwezi wa Oktoba ikapigwa mbiu. Jumbe alitukusanya sote wenye mifugo akatuambia kwamba serikali imeona taabu yetu, na kila aliyepoteza malisho kwa ukame au kwa moto atapewa msaada: mashudu ya pamba, magunia kwa magunia, kulingana na idadi ya ng'ombe wake, mpaka mvua zirudi. Hatutalipa chochote. Wenzangu walipiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani. Serikali hii inatutoza kodi ya kichwa na leseni ya baiskeli, leo imeamka na huruma ya ng'ombe? Nilijua lazima pana jambo. Kuna waliosema wanataka kuhesabu mifugo ili watupunguzie kwa nguvu, kama tulivyosikia wamefanya kwa watu wa bara. Kuna waliosema mashudu yametiwa dawa, ng'ombe wafe, watu wahame, mji upanuliwe mpaka huku. Kila nikiuliza naambiwa niache maneno. Na mtu akikuambia uache maneno, ujue maneno yapo.

Hata hivyo nilijiandikisha. Mbavu za Bihogo zilikuwa zimeanza kuonekana, na mchinjaji mmoja wa Kariakoo alikuwa anapita kila baada ya siku chache kutusalimu. Salamu zake zilikuwa ni kuwapapasa ng'ombe mgongoni. Nilijua nisipopata magunia yale, kabla ya Krismasi ng'ombe wako angekuwa buchani. Nikatia jina langu, nikaambiwa sharti ni moja. Bwana mifugo atapita nyumba kwa nyumba kukagua, na atakayeonekana ana majani ya akiba jina lake litafutwa, kwa sababu mashudu ni machache na yanawahusu wasio na kitu.

Hapo lazima nikueleze habari za Mzee Muhdhar, jirani yetu ng'ambo ya njia. Ni Mwarabu aliyezaliwa hapa hapa, baba yake alikuwa na duka, yeye anauza maziwa. Ni mtu wa maneno mengi na mkono mfupi, chumvi akikuazima anaisawazisha juu ya kijiko kwa kidole. Wateja wake na wangu ni wale wale, kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa wa kuamkiana tu. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kila mtu anaangalia debe la mwenzake. Yeye naye alijiandikisha, na siku ile ya mbiu nilimwona akihesabu watu waliohudhuria. Niliona wazi hesabu yake. Majina yakipungua, magunia ya waliobaki yataongezeka.

Lakini Mama na yeye walikwisha kuwa marafiki, sijui hata kwa lugha gani. Kiswahili alichojifunza Mama ni cha ng'ombe tu: maji, majani, maziwa, mimba, kamba. Kwa Kiswahili hicho alikuwa anavuka njia kila asubuhi kwenda kumpapasa tumbo ng'ombe mmoja wa Mzee Muhdhar aliyekuwa na mimba kubwa, na kumwambia mke wake, Bi Wahiba, ampe maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilimkataza Mama asizoeane sana na watu tusiowajua undani wao. Akaniuliza kama ng'ombe naye ana undani.

Siku ya ukaguzi ilipotangazwa, Apolonia alimweleza Mama kwamba kesho atakuja mkubwa kutoka serikalini, anakuja nyumbani kwetu kwa ajili ya shida yetu ya majani. Kaka, wewe umelelewa na mama yule yule. Nadhani umekwisha kujua alichofanya.

Mimi nilikwenda kazini alfajiri nikaomba ruhusa ya kurudi mapema. Nilipofika, bwana mifugo alikuwa amenitangulia kidogo. Jina lake Albano, mtu wa Songea, mpole, amevaa kaptula iliyopigwa pasi vizuri. Nilimkuta amesimama mlangoni kwangu hajaingia, kofia mkononi, anaangalia ndani. Nami nikaangalia. Sebule yote, kutoka kizingiti mpaka ukuta wa nyuma, ilikuwa imetandikwa majani. Majani mazuri, marefu, yamelazwa upande mmoja kama alivyokuwa anatutandikia kule nyumbani akija Padri. Harufu yake ilikuwa tamu mpaka nikataka kulia. Mama alikuwa amepiga magoti katikati yake, kanga mpya begani, ameshika kikapu chenye kahawa za kutafuna, anamkaribisha mgeni kwa Kihaya.

Nilimwambia Bwana Albano kwamba ile ni desturi. Nilimweleza kwamba kwetu nyumba hutandikwa majani chini, na mgeni wa heshima hakanyagi majani makuukuu, hutandikiwa mapya, na kwamba Mama alichotaka ni kumheshimu. Nikamwambia yale si chakula cha ng'ombe, yale ni kama zulia. Nilisema vizuri sana, kaka, nadhani alianza kuniamini. Ndipo Bihogo, ambaye kamba yake ilikuwa imelegea, akapitisha kichwa mlangoni katikati yetu akachota zulia mdomo mzima, akaanza kutafuna huku ananiangalia.

Bwana Albano hakucheka. Alisema pole pole kwamba yeye anaheshimu desturi za watu wote, ila karatasi aliyopewa haina mahali pa kuandika zulia. Akaniuliza majani yametoka wapi. Nikamgeukia Mama nikamwuliza. Mama akakasirika. Akasema tangu lini mgeni akaambiwa alichoandaliwa kimetoka kwa nani, hiyo ni kumsengenya aliyekuazima na kumtia aibu aliyekaribishwa. Hakusema. Mimi nilimfasiria Bwana Albano nusu tu ya maneno hayo. Jina langu likafutwa.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuiandika. Mama alikaa juu ya majani yake akitafuna kahawa za mgeni peke yake, nami nikawa nazunguka sebule. Nyuma ya mlango nikaokota kamba. Kamba ya usumba wa nazi, imesokotwa nyuzi tatu, ncha yake imefungwa fundo bapa. Huku mtaani ni mtu mmoja tu anayefunga matita yake kwa fundo lile.

Kaka, nilikaa chini. Kila kitu kilijipanga. Mzee Muhdhar alikuwa na majani, na alijua ukaguzi ni kesho. Aliijua pia desturi ya Mama, kwa kuwa Mama hana siri na mtu. Akampa matita mama wa watu asiyejua sharti lolote, ili bwana mifugo aje ayakute kwangu. Magunia yangu yaende kwake, wateja wangu pia waende kwake, na mchinjaji aje amalizie. Nilimwonyesha Apolonia ile kamba. Akasema mtu mwenye akili ya kupanga hayo yote asingekuwa anauza maziwa. Sikumsikiliza. Kamba nikaitundika ukutani kama ushahidi.

Nilitaka kwenda kumshtaki Mzee Muhdhar kwamba anaficha majani. Kilichonizuia si wema, ni kwamba ningeulizwa nimejuaje, na Mama angeitwa mbele ya watu. Badala yake nilimnyima shikamoo. Nafahamu jambo hilo linavyoonekana, mtu wa umri wangu kumpita mtu wa umri wa baba yake kama anapita gogo. Nilimpita asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi. Na unajua alifanya nini? Alikuwa ananiitikia! Napita kimya, yeye kutoka mlangoni kwake anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, “Marahaba, mwanangu, marahaba!” Watu wanacheka. Nikasema moyoni, huyu amenimaliza ng'ombe, sasa ananimaliza na jina.

Hali ya ng'ombe ilizidi kuwa mbaya. Tulikuwa tunawapa maganda ya mihogo na majani ya mipapai, na Apolonia alikuwa anakwenda sokoni kuokota mabaki ya mboga huku wake wa makarani wenzangu wakimwona. Maziwa yalipungua mpaka tukaacha kuuza. Mchinjaji akaanza kuja na kamba yake mwenyewe. Nilikubaliana naye kwamba mwisho wa mwezi atamchukua Bihogo, kwa kuwa ndiye aliyebakiwa na nyama. Kaka, hilo pia sikukuandikia.

Siku chache kabla ya siku hiyo, nilirudi kutoka kazini nikakuta magunia ya mashudu yamepangwa barazani kwangu, na Bwana Albano anafuta jasho. Akasema jina langu limerudishwa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema limerudishwa tu, nitie sahihi. Ungekuwa wewe ungeshukuru. Mimi nilimwuliza mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka akaondoka. Usiku sikulala vizuri. Kwa nini wanifute hadharani wanirudishe kimya kimya? Nikakumbuka maneno ya dawa. Nikaamuru gunia hata moja lisifunguliwe mpaka nione ng'ombe wa watu wengine wamekula na hawakufa. Bihogo alikuwa analamba mishono ya gunia, nami namfukuza. Kesho yake nilipokuwa kazini Mama alichukua kisu akafungua. Niliporudi ng'ombe walikuwa wamekula na wamelala wanacheua, naye ananiuliza kama nimekuja kuzika mtu.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa kwa Jumbe kusomewa majina ya mgao wa pili. Langu lilisomwa. Nikasikiliza la Mzee Muhdhar, halikusomwa. Sitakuficha, nilifurahi. Nilisema kumbe serikali nayo ina macho. Nikamfuata Bwana Albano kwenye kivuli cha ofisi nikamwuliza, kwa sauti ya kujifanya nina huruma, yule mzee kulikoni. Bwana Albano akasema alidhani mimi najua.

Alinieleza kwamba Mzee Muhdhar alikwenda mwenyewe ofisini kwao, kwa miguu. Alisema majani yaliyoonekana kwa yule Mhaya ni yake, yametoka kwenye akiba aliyoificha nyuma ya nyumba chini ya majamvi kwa ajili ya ng'ombe wake mwenye mimba. Alisema mama mmoja mtu mzima, ambaye amemhangaikia ng'ombe wake kama wa kwake, alikuja kumwomba majani ya kumtandikia mgeni, na yeye Muhdhar bin Awadh hakuzaliwa na mdomo wa kumwambia sina ilhali anacho. Alisema pia amekaa na jambo lile moyoni tangu siku ya ukaguzi, kwa sababu alijua akilisema ng'ombe wake atakosa, na kwamba alipomwona mchinjaji ametoka kwangu na kamba ndipo liliposhindikana kukaa. Bwana Albano alimwambia sharti ni sharti. Akajibu kwamba analijua sharti, ndiyo maana amekuja. Jina langu likaandikwa, lake likafutwa, na wakati huo akiba yake yote ilikuwa imekwisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu japokuwa nilikwenda na baiskeli. Baiskeli niliisahau kwa Jumbe mpaka kesho yake.

Nilifika nikakuta watu mlangoni kwa Mzee Muhdhar. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, na kwa udhaifu hakuweza kusimama tena. Mama alikuwa zizini kwao amekishika kichwa cha ng'ombe mapajani mpaka ng'ombe huyo alipokata roho. Ndama alikuwa mzima, jike, anatetemeka, anatafuta kiwele ukutani. Bi Wahiba alikuwa analia kwa kwikwi. Mzee Muhdhar, yule mtu wa maneno mengi, alikuwa anamfuta ndama kwa kikoi chake.

Sasa nimefika kwa Bihogo, kaka. Mama alitoka pale bila kusema na mtu, akavuka njia, akaingia ndani mwangu, akatungua ukutani ile kamba niliyoiweka kama ushahidi. Akamfunga nayo Bihogo shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumzuia. Ningeweza kumwambia kwamba ng'ombe si wangu wala si wake, ni wa Ansbert, asubiri niandike barua. Nilisogea nikampisha, kisha nikaenda nyuma nikawa namsukuma Bihogo ili avuke haraka. Hiyo ndiyo kweli yote. Mama alishika kamba, lakini mimi nilisukuma.

Bihogo alimkataa ndama kwanza, akampiga teke. Mama akampaka ndama chumvi mgongoni, akamwimbia Bihogo zile nyimbo zake za kukamulia, akakaa naye mpaka akaanza kumlamba. Sasa ndama ananyonya, na maziwa yanayobaki Mzee Muhdhar anauza. Fungu la mashudu la Bihogo nalivusha mimi mwenyewe kila jioni. Ng'ombe aliyeandikwa kwa jina langu ndiye anayekula, kwa hiyo sijavunja sharti, ila nakuomba usiliandike jambo hili kwenye postikadi. Ukijibu, tia kwenye bahasha na ubandike vizuri pembeni.

Nilipovuka mara ya kwanza na ndoo ya mashudu nilimwamkia Mzee Muhdhar shikamoo. Hakuitika. Nikarudia. Akasema hana deni na mimi, marahaba zangu zote alikwisha kunipa mwezi uliopita. Kisha akacheka mpaka akakohoa, nami machozi yakanitoka mbele yake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema majani ni yake. Akasema sikumwuliza, nilimnyima shikamoo tu.

Unanijua, kaka. Mpaka leo kila nikivuka njia natafuta kitu anachokitaka kwangu. Nimetafuta sana, sijakiona.

Bihogo ni wako, na neno ni lako. Ukisema arudi, sitabisha. Lakini itabidi uje umfungue mwenyewe, maana mkono wangu hauwezi kuigusa ile kamba.

Apolonia na watoto wanakusalimu sana, pamoja na shemeji na majirani wote wanaotukumbuka. Mzee Muhdhar na Bi Wahiba, ambao huwajui, nao wanakusalimu. Mama anasema banda liezekwe. Bwana Albano atakuja kesho kutwa kwa ukaguzi mwingine. Nimemsihi Mama safari hii amwekee kiti tu. Ameitikia haraka mno, na tangu tulipotoka misa simwoni, wala mundu wake siuoni.

Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Projestus